Kulinda na Kuachia: Tunachojifunza Katika Msitu wa Dhahabu

Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, tunasoma habari za miti iliyokwenda kujitafutia mfalme. Iliuendea mzeituni, nao ukakataa kuyaacha mafuta yake ili ukatawale. Mtini ukakataa kuuacha utamu wake. Mzabibu ukakataa kuiacha divai yake. Mwishowe mti wa miiba ukakubali, na hapohapo ukatishia moto. Yothamu aliisimulia hadithi hiyo akiwa juu ya kilele cha mlima Gerizimu, baada ya Abimeleki kuwaua ndugu zake ili apate ufalme. Sote tunajua kwamba miti haisemi, lakini hakuna Mkristo anayemhesabia Yothamu kuwa mwongo. Hadithi yake ni ya kubuni, na inasema kweli.

Tumeanza na hadithi hiyo kwa sababu katika makala hii tunataka kutafakari swali la imani kwa msaada wa msitu mwingine wa kubuni, ambao nao mtawala wake alijaribiwa kwa kupewa mamlaka makubwa kupita kiasi. Msitu huo unaitwa Lothlórien, nao umo katika kitabu The Lord of the Rings cha Mwingereza J.R.R. Tolkien, kilichotoka katika juzuu tatu mwaka 1954 na 1955. Swali letu ni hili: je, ni kosa kutaka kitu chema kibaki kama kilivyo? Tena, tutajuaje kwamba kukilinda kumegeuka kuwa kukataa mapenzi ya Mungu?

Swali hili si la wasomi peke yao. Linamgusa mama anayemkatalia mwanawe asioe mbali. Linamgusa mzee wa kanisa aliyeshika nafasi yake miaka mingi na haoni wa kumrithi. Liligusa usharika wetu, kama tutakavyoeleza.

Kwanza tuseme machache juu ya mwandishi. Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 mjini Bloemfontein, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mdogo. Baba yake alifariki mwaka 1896. Mama yake alipoingia Kanisa Katoliki mwaka 1900, jamaa zake walimkasirikia, na msaada ukakatwa. Mwaka 1904 mama naye akafariki, Tolkien akiwa na miaka 12, na padri mmoja akawa mlezi wa watoto hao. Mwaka 1916 alipigana katika vita vya Somme huko Ufaransa. Baadaye aliandika kwamba ilipofika mwaka 1918 rafiki zake wa karibu wote walikuwa wamekufa, isipokuwa mmoja. Basi mtu huyu alipoandika juu ya kupoteza vitu vinavyopendwa, hakuwa anakisia. Katika barua ya mwaka 1953 kwa rafiki yake, alieleza kwamba kitabu chake kwa msingi wake ni kazi ya kidini na ya Kikatoliki, ingawa hakuweka ndani yake ibada wala kanisa.

Wenye msitu huo wanaitwa Waelfi. Baadhi yetu watauliza: je, hao si majini au mizimu? Sivyo. Katika hadithi hii kuna Mungu mmoja aliyeumba vyote, na Waelfi ni viumbe wake kama wanadamu walivyo. Wana miili, wanaoana, wanazaa watoto, wanaimba, wanakosea na wanatubu. Hawaabudiwi, wala hakuna anayewapelekea sadaka. Ni watu wazuri wa sura na hodari wa kazi za mikono. Tofauti yao kubwa na sisi ni kwamba hawafi kwa uzee wala kwa maradhi, ingawa wanaweza kuuawa vitani. Kwa hiyo wanaishi wakiona kila wanachokipenda duniani kikichakaa, na wao wamebaki. Hapo ndipo jaribu lao lilipo.

Sasa tuingie msituni. Lothlórien iko kati ya milima mirefu upande wa magharibi na mto mkubwa Anduin upande wa mashariki, mahali mto mdogo unapomwaga maji yake katika ule mkubwa. Miti yake mikuu inaitwa mallorn. Shina lake ni laini na lina rangi ya fedha. Majira ya majani kupukutika yakifika, majani ya mti huu hayaanguki, bali yanageuka kuwa ya dhahabu na kubaki matawini majira yote ya baridi. Huanguka masika tu, machipukizi mapya yanapofunguka, na hapo ardhi inakuwa ya dhahabu na juu kunachanua maua ya dhahabu. Ndiyo sababu watu wa nje waliuita Msitu wa Dhahabu. Katika nyasi za kilima kiitwacho Cerin Amroth kunaota maua madogo ya manjano yenye umbo la nyota, na mengine meupe yaliyofifia. Wenyeji wanaishi juu ya majukwaa waliyoyajenga katika matawi, na mji wao, Caras Galadhon, umejengwa juu ya miti.

Msitu huu una historia yake, nayo si ya furaha tupu. Waelfi wa msituni waliishi pale tangu zamani. Mfalme wao mmoja aliuawa katika vita vikuu dhidi ya Sauron, yule Bwana wa Giza. Mwanawe Amroth akatawala baada yake. Kisha katika milima ya jirani, kwenye migodi ya Moria, wachimbaji walichimba mno wakaamsha kiumbe cha kutisha cha moto na kivuli. Watu wengi wa msituni wakakimbia. Nimrodel, mchumba wa Amroth, alipotea njiani, na Amroth mwenyewe akapotelea baharini akijaribu kumrudia. Nchi ikabaki bila mfalme. Hapo ndipo Bibi Galadriel na mume wake Celeborn walipochukua jukumu la kuilinda. Tuangalie neno hilo: kuilinda. Hawakujiita mfalme na malkia, kwa kuwa walijiona walinzi tu.

Lakini moyo wa Galadriel ulikuwa na jambo la zamani. Alipokuwa kijana aliondoka katika nchi yenye baraka ng'ambo ya bahari, akafuatana na jamaa zake walioasi, na kilichomvuta ni hamu ya kuwa na nchi yake mwenyewe ya kuitawala. Sasa ameipata. Tena anayo pete yenye nguvu, Nenya, ambayo Sauron hakuigusa kamwe. Nguvu ya pete hiyo haikuwa ya kupiga vita wala ya kujilimbikizia mali, bali ya kuhifadhi: kuzuia uchakavu, kuponya, kutunza uzuri usififie. Kwa hiyo wageni walioingia msituni walihisi kana kwamba wameingia katika siku za kale ambazo bado hazijapita. Walikaa karibu mwezi mzima na kutoka wakidhani ni siku chache.

Je, kuna ubaya katika hayo? Tusikimbilie kuhukumu. Mwanzo 2:15 inatuambia mtu aliwekwa bustanini ili ailime na kuitunza. Kutunza ni agizo la Mungu kabla ya dhambi kuingia. Mtu asiyetunza chochote, anayeacha nyumba ya wazee wake ianguke na msitu wa kijiji uishe kwa mkaa, hana jambo la kumfundisha Galadriel. Uzuri wa Lothlórien ni uzuri wa kweli. Mmoja wa wageni, Boromir, aliuogopa msitu huo, akasema ni wachache wanaotoka humo bila kudhurika. Aragorn, kiongozi wao, alimrekebisha: aseme ni wachache wanaotoka bila kubadilika, na atakayekuta uovu mle ni yule aliyeingia nao. Mahali patakatifu kweli panafanya hivyo.

Hata hivyo, mwandishi hakuficha ufa uliokuwamo. Wageni walipofika mpakani, walinzi walisema wote wanaweza kupita isipokuwa mmoja, Gimli, ambaye lazima afungwe kitambaa machoni. Kosa lake lilikuwa kabila lake. Yeye ni wa jamii ya wachimba migodi wafupi wenye ndevu, na kati ya jamii hiyo na Waelfi kulikuwa na uhasama wa miaka mingi. Gimli akakataa, akawa tayari kupigana. Aragorn akaamua kwamba wote watafungwa macho, hata Legolas, aliyekuwa Mwelfi. Legolas alilalamika: iweje nitembee kama kipofu katika nchi ya ndugu zangu? Mlinzi mwenyewe alikiri kwa huzuni kwamba nguvu ya Bwana wa Giza inaonekana wazi kabisa katika jinsi wale wote wanaompinga wanavyotiliana shaka.

Sisi tulio katika makanisa yetu tukae kidogo hapo. Jema likizungushiwa uzio kwa muda mrefu, walinzi huanza kumwogopa kila mgeni. Huanza kwa kulinda mafundisho safi na kuishia kumwuliza mgeni wa Jumapili ametoka kabila gani. Ukabila ndani ya kanisa mara nyingi hauanzi na chuki. Huanza na kupenda kilicho chetu.

Kilichouponya ufa ule ni Galadriel mwenyewe. Alituma neno kwamba wote waachwe watembee huru, pamoja na Gimli. Gimli alipofika mbele yake, Celeborn alikuwa amesema maneno makali juu ya jamii ya wachimba migodi. Galadriel akazungumza na Gimli kwa upole juu ya nchi ya baba zake, akiitaja kwa majina ya lugha yake mwenyewe. Gimli akainua macho, na mahali alipotarajia kuona adui akaona upendo. Celeborn naye akamwomba ayasahau maneno yake makali. Tangu siku ile hakukuwa na mtu aliyeipenda Lothlórien kuliko yule aliyetaka kufungwa macho.

Sasa tumefika kwenye jaribu lenyewe. Miongoni mwa wageni alikuwamo Frodo, mtu mdogo wa nchi ya wakulima iitwayo Shire, naye alibeba Pete Kuu ya Sauron, yenye uwezo wa kutawala pete zote. Alikuwa njiani kwenda kuiharibu. Usiku mmoja Galadriel alimwonyesha hali ilivyo. Frodo asipofaulu, adui atauchukua msitu. Akifaulu, Pete Kuu itaharibika, na pamoja nayo nguvu ya pete nyingine itakwisha. Lothlórien itafifia, na wakati utaipitia kama unavyopitia nchi nyingine zote. Kwa njia zote mbili msitu unapotea. Kilichobaki ni kuchagua tu kama utapotea kwa kunyang'anywa au kwa kutolewa.

Frodo akiwa amechoka, akamwambia Galadriel kwamba akitaka atampa Pete ile. Hapo ndipo hadithi yote inapotulia. Galadriel hakujifanya mtakatifu. Alikiri kwamba kwa miaka mingi amewaza angefanya nini kama Pete hiyo ingemfikia mkononi. Akaeleza angekuwa nani: malkia mzuri na wa kutisha, ambaye wote wangempenda na kukata tamaa. Kisha akacheka, akaikataa, akakubali kupungua na kuondoka kwenda ng'ambo ya bahari, huku akibaki kuwa yeye mwenyewe. Sam, mtumishi wa Frodo, hakuelewa. Alitamani Galadriel angeichukua Pete ili awanyooshe waovu. Galadriel alimjibu kwamba ndivyo ingeanza, lakini isingeishia hapo.

Hapa tunausikia tena mzeituni wa Yothamu. Galadriel aliona wazi kwamba angeweza kuuokoa msitu wake kwa kuwa kile ambacho msitu wake ulikipinga. Bwana wetu naye aliongozwa juu ya mlima mrefu sana, kwa habari ya Mathayo 4, akaonyeshwa falme zote. Kwake vilevile bei ilikuwa ndogo kwa macho: kuinama mara moja tu. Jaribu kubwa la watu wema haliwi la kutenda uovu kwa sababu ya uovu. Ni la kuokoa jema kwa njia isiyo ya Mungu.

Tolkien aliwapenda Waelfi wake, lakini katika barua zake aliwalaumu. Alisema kosa lao ni kutaka kuishi katika dunia hii inayopita kwa kuwa waliipenda, na wakati huohuo kutaka kuzuia isibadilike. Aliwafananisha na watu wanaopaka maiti dawa isioze. Ni neno gumu, lakini Biblia inalijua jambo hilo. Katika Kutoka 16, mana ilikuwa mkate wa Mungu mwenyewe, na waliojiwekea hadi asubuhi waliikuta imeingia mabuu na kunuka. Mana haikuwa mbaya. Ilikuwa ya jana. Katika 2 Wafalme 18:4, Mfalme Hezekia aliivunja nyoka ya shaba aliyoitengeneza Musa kwa agizo la Mungu, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuifukizia uvumba. Na katika Mathayo 17, Petro alipomwona Bwana aking'aa mlimani, alitaka kujenga vibanda vitatu. Alitaka saa ile njema ikae. Lakini chini ya mlima alikuwapo baba mwenye mtoto mgonjwa akiwasubiri.

Sasa mtu anaweza kutupinga, na ana haki. Je, Nabothi naye? Katika 1 Wafalme 21 Mfalme Ahabu alitaka shamba lake la mizabibu, akamwahidi shamba bora zaidi au fedha. Nabothi akakataa kuuachia urithi wa baba zake, akauawa kwa ajili yake, na Mungu akasimama upande wa Nabothi. Esau kwa upande mwingine aliachia urahisi, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha siku moja, wala hatumsifu. Kwa hiyo si kila kuachia ni utakatifu. Neno "achia" likitoka kinywani mwa mwenye nguvu kwenda kwa mnyonge, kanisa linapaswa kulichunguza sana. Mjane anayeambiwa na shemeji zake aachie kiwanja cha marehemu "kwa ajili ya amani" haambiwi neno la Injili.

Basi tofauti iko wapi? Tunaona iko katika maswali mawili. La kwanza: anayeomba anataka nini? Ahabu alitaka bustani ya mboga karibu na nyumba yake. Frodo hakutaka kitu chochote cha Galadriel kiwe chake, na kazi aliyoibeba ilikuwa ya kuwafungua wengi, hata wale wasioijua Lothlórien kwa jina. Swali la pili: ninayeshika, ninashika kwa ajili ya nani? Nabothi alishika kwa ajili ya waliomtangulia na watakaomfuata, kwa kuwa urithi ule kwa sheria ya Bwana haukuwa wake wa kuuza. Galadriel, kama angeichukua Pete, angeushika msitu kwa ajili ya Galadriel. Anayeshika kwa ajili ya wengine anaweza kukataa kwa dhamiri safi, na anaweza pia kuachia bila kuvunjika, kwa sababu katika yote mawili kitu hicho hakikuwa chake tangu mwanzo. Galadriel usiku ule alifanya mambo mawili kwa moyo mmoja: alikataa Pete na akauachia msitu.

Tunaandika haya tukiwa na aibu kidogo. Usharika wetu ulikuwa na mtaa ng'ambo ya mto, na mtaa ule ulikua. Ulikuwa na kwaya iliyotuletea sifa kila tulipokwenda jimboni, na siku ya mavuno mahindi yao na ndizi zao zilijaza upande mzima wa madhabahu. Waliomba wawe usharika kamili. Njia ilikuwa ndefu, wakati wa mvua daraja halipitiki, na wazee wao walikuwa wanazikwa bila mchungaji kufika. Baraza letu la wazee lilijibu kwamba bado hawajakomaa. Tulijibu hivyo mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Tulisali kabla ya kila kikao. Tulitaja umoja, tukataja kazi ya waasisi, tukataja paa tulilowasaidia kuezeka. Hakuna aliyetaja kapu la sadaka, na wote tulikuwa tunaliona.

Mwaka wa nne mama mmoja mjane aliyekuwa mjumbe alisimama akauliza tu: "Wazee wangu, tukiwakatalia, ni nani anapona?" Kimya kikatanda. Kura ikapigwa, wakaachiliwa. Siku ya kuwaaga tuliwapa viti 20 na vitabu vya nyimbo. Siku ile tuliviona vingi. Jumapili iliyofuata mabenchi ya upande wa kushoto yalikuwa wazi, na wimbo wa pambio ulisikika mwembamba. Hatutasema kwamba baraka zilishuka hapohapo. Mwaka ule tulishindwa kumlipa mwinjilisti kwa wakati, na wako miongoni mwetu wasiofurahia hadi leo. Lakini wale wenzetu wanawazika wazee wao wakiwa na mchungaji wao kando ya kaburi, na mwaka jana wamefungua sehemu ya kuhubiri mbele zaidi, katika kijiji ambacho sisi hatukuwahi kukifikia.

Turudi msituni tumalizie. Wageni walipoondoka, Galadriel alitoa zawadi. Gimli hakutaka dhahabu. Aliomba unywele mmoja wa Galadriel, akapewa tatu. Sam, kwa kuwa alikuwa mtunza bustani, alipewa kisanduku kidogo cha mbao. Ndani yake mlikuwa na udongo wa shamba la miti la Galadriel na mbegu moja ya mallorn. Vita vilipokwisha, Sam alirudi Shire akakuta miti imekatwa ovyo na watu waliotaka faida. Angeweza kuumwaga udongo wote katika bustani yake, naye alilifikiria hilo. Badala yake alizunguka nchi nzima akipanda miche, na katika kila shimo akatia chembe moja ya udongo. Uliobaki akaurusha hewani katikati ya nchi. Ile mbegu akaipanda mahali ulipokuwa umesimama mti mkubwa walioupenda, uliokatwa. Masika yaliyofuata ukachipua mche wenye gome la fedha, na Aprili ukachanua maua ya dhahabu.

Galadriel alikwenda zake ng'ambo ya bahari, na baadaye Celeborn naye akahama. Mwisho wa habari, msitu ule umebaki bila wenyeji, kimya, na majani yanaanguka. Mwandishi hakuirudisha Lothlórien kama ilivyokuwa, naye alikuwa mkweli kwa kutoirudisha. Sisi tumezika, tunajua. Lakini mti mmoja wa msitu ule unakua katika nchi ya wakulima ambao wengi wao hawakupata kuuona msitu wenyewe. Galadriel angeihifadhi mbegu ile kwenye kisanduku hadi leo, isioze wala isiote. Bwana alitufundisha katika Yohana 12:24 habari ya chembe ya ngano, na tumezoea kuisoma makaburini. Ifae pia tuisome katika vikao vyetu vya baraza.

Hadithi ya Waelfi inaishia baharini, kwa kuwa hadithi ya kubuni haiwezi kutuvusha. Sisi tunaye aliyefufuka. Waraka kwa Waebrania, 13:14, unatukumbusha kwamba hapa hatuna mji wa kudumu na kwamba tunautafuta ule ujao. Kwa tumaini hilo mtu anaweza kupanda mti, kuutunza kwa bidii maisha yake yote, na siku ikifika akampa mwingine funguo za shamba.

Bwana Mungu, umetupa vitu vyema, nasi tumevipenda. Utufundishe kuvitunza kwa bidii tukikumbuka kwamba ni vyako. Uwape nguvu wanyonge wanaonyang'anywa, wasiachie lililo haki yao. Na sisi tulioshika sana, utulegeze mikono kabla hujalazimika kutunyang'anya. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.